Maziwa Yanapomdhuru Mtoto: Tuliyojifunza Katika Kutafuta Mbadala

Maziwa yana heshima ya pekee katika nyumba za Waislamu. Qur'an Tukufu imeyataja katika Surat An-Nahl miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa na wanaadamu, na mgeni aliyepokewa kwa bilauri ya maziwa hujua kwamba amekirimiwa. Kwa sababu hiyo, mzazi asemaye kuwa mwanawe hawezi kuyanywa huonekana kama mtu anayeikataa neema. Sisi ni wazazi wa namna hiyo. Binti yetu ana umri wa mwaka mmoja na miezi tisa, naye ana mzio wa maziwa ya ng'ombe. Tumeona ni vyema tuyaandike tuliyoyapitia, huenda yakawafaa wazazi wenzetu.

Alipokuwa na miezi minane tulimpa uji uliotiwa maziwa. Hazikupita dakika nyingi, mwili ukajaa mabaka mekundu, midomo ikavimba, akatapika. Daktari wa watoto alitueleza kwamba mwili wa mtoto mwenye mzio huzihesabu protini za maziwa kuwa ni adui, ukaanza kupigana nazo. Hali hii ni tofauti na ya mtu ambaye tumbo lake hushindwa kusaga sukari ya maziwa. Huyo hujaa gesi na kuharisha, lakini mwenye mzio anaweza kuzibwa pumzi na hata kupoteza uhai.

Katika miezi iliyofuata mama aliendelea kunyonyesha, na kwa ushauri wa daktari yeye mwenyewe akaacha maziwa na vyote vitokanavyo nayo. Ziwa la mama ndilo bora kuliko kila mbadala. Kwa mtoto asiyenyonya ambaye hajatimiza mwaka, yapo maziwa maalumu ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa. Bei yake ni kubwa, na hutolewa kwa maelekezo ya daktari. Vinywaji vya soya, lozi au nazi havichukui nafasi hiyo katika umri huo.

Mwaka ulipotimia, ushauri ulitujia kutoka kila upande. Wa kwanza ulikuwa wa maziwa ya mbuzi, kwamba ni mepesi na ni dawa. Daktari aliukataa mara moja, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wanaodhurika na haya hudhurika na yale. Wengine walisema tumpe mtindi, au tuyachemshe maziwa kwa muda mrefu. Kugandisha hakuziondoi protini hizo, na moto wa jikoni hautoshi kuzifanya salama. Samli nayo, ingawa ni mafuta, hubakiwa na chembechembe za maziwa.

Sisi watu wa pwani tulikimbilia tui la nazi. Tui lina mafuta yenye nguvu, lakini protini na kalsiamu yake ni kidogo. Maziwa ya lozi na ya mchele nayo yana upungufu wa protini, na ya mchele hayashauriwi kwa watoto wadogo kwa sababu mpunga hufyonza madini ya sumu ya aseniki kutoka ardhini.

Hapo ndipo mtaalamu wa lishe alipotugeuzia swali. Alisema tusitafute kitu cheupe cha kujaza kikombe, bali tujiulize maziwa yalikuwa yakimletea mtoto nini. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe kina takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, pamoja na mafuta na vitamini. Vitu hivyo vinaweza kupatikana katika vyakula kadhaa kwa pamoja.

Kwa hiyo binti yetu hunywa kikombe cha maziwa ya soya yasiyo na sukari, yaliyoongezwa kalsiamu. Tulianza kwa kiasi kidogo, baada ya kumuuliza daktari, kwa kuwa baadhi ya watoto wenye mzio wa maziwa hudhuriwa na soya pia. Asubuhi hupata uji wa ulezi, nafaka yenye kalsiamu nyingi kuliko mahindi na mchele. Ulezi ukiloweshwa na kuoteshwa kimea, mwili huyapata madini yake kwa urahisi zaidi. Mchana hula maharage au yai, na dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao. Tui tumeliacha mahali pake, katika mboga na wali.

Lakini mtihani mkubwa zaidi ulikuwa ndani ya ukoo. Katika walima mmoja, shangazi yetu mmoja alimlambisha mtoto kijiko cha tambi za maziwa, akiamini kwamba tumbo huzoeshwa. Usiku ule tuliupitisha hospitali, mtoto akivuta pumzi kwa taabu, hadi sindano ilipomtuliza. Tulirudi naye akiwa mzima, alhamdulillah, tukiwa na swali gumu: tutaulindaje uhai wa mtoto bila ya kuukata udugu?

Siku ya tatu tulimwendea nyumbani kwake. Tulimwamkia, tukamwambia, "Shangazi, tunajua ulimpa kwa mapenzi. Lakini kijiko kile kwake ni sumu, hata kikiwa kidogo." Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Sasa mimi nimpe nini, wanangu?"

Swali lile lilikuwa na haki. Mzee huonesha mapenzi kwa mkono unaotoa. Ukimwambia "usimpe" ukaishia hapo, umemfunga mkono huo, naye atautafutia njia ya siri. Tulimwomba atutengenezee kimea cha ulezi, kazi aliyoijua tangu usichana wake na ambayo sisi hatukuijua. Tangu siku hiyo unga wa binti yetu hutoka kwake, na Idi iliyopita yeye ndiye aliyepika tambi za tui kwa ajili ya watoto wote.

Kila baada ya miezi 6 tunarudi kwa daktari. Watoto wengi huondokana na mzio huu kadiri wanavyokua, lakini jaribio la kuwarudishia maziwa hufanywa mbele ya daktari, si nyumbani. Ndugu wasomaji, someni maandishi ya kila pakiti ya biskuti na unga wa lishe, kwani maziwa ya unga hujificha humo. Mwelezeni mwalimu wa chuo, jirani na yaya. Na mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, mkimbizeni hospitali bila ya kusubiri.

Watoto ni amana. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape afya, na atupe sisi subira na kauli njema ya kuwalinda.