Mikono ya Muuguzi Hufundishwa Wapi?

Mimi ni muuza maharagwe katika soko la Gakoromone, mjini Meru. Mara nyingi nawasikia wenzangu wakinung'unika ya kwamba wakienda hospitali hupimwa na wanafunzi. Mmoja alisema, "Mwili wangu si daftari la mtoto wa shule." Neno hilo nimelifikiri sana, kwa kuwa binti yangu anasomea uuguzi.

Hofu yao si ya bure. Fundi akikata nguo vibaya hununua kitambaa kingine, bali mwili haununuliwi. Ndiyo sababu mwanafunzi haanzi kwa mgonjwa. Binti yangu alianza kwa sanamu: aliigeuza kitandani, akaichoma sindano mara nyingi mbele ya mwalimu. Hata kunawa mikono kwa sabuni alifundishwa upya, viganja, kucha na vidole gumba, kwa sekunde 40 hadi 60.

Lakini sanamu hiyo haikunji uso ikiumia. Kitabu chasema mapigo ya moyo ya mtu mzima aliyepumzika ni 60 hadi 100 kwa dakika. Kuyatafuta kwa vidole katika mkono wa bibi kizee aliyekonda ni elimu nyingine. Vivyo hivyo mkanda wa kupimia shinikizo la damu: ukiwa mdogo kuliko mkono, huonyesha shinikizo kubwa kuliko lilivyo, na mtu aweza kupewa dawa asiyoihitaji. Mambo kama hayo huingia mikononi kwa kutenda. Mwanzo kokochi, mwisho nazi. Hata shule ya Florence Nightingale, iliyofunguliwa London mwaka 1860, iliwafunza wanafunzi wake wodini, kando ya vitanda vya wagonjwa.

Basi, wasomaji wapenzi, yafaa tufanyeje? Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kuhudumiwa, isipokuwa penye dharura na mambo machache mengine. Kwa hiyo uliza bila haya: "Mwanangu, wewe ni mwanafunzi? Msimamizi wako yuko wapi?" Asipokuwapo, omba aitwe. Akiwapo, nyosha mkono wako upimwe. Tukiwakataa wanafunzi wote, siku mjukuu wetu atakapofikishwa hospitali usiku akihema, atapokewa na muuguzi mwenye cheti kizuri na mikono isiyojua kazi.