Mombasa kwa mfuko mwepesi

Samahani kwa kimya kirefu. Wapo waliodhani nimeacha kuandika. Sijaacha, kazi tu ndizo zilizonibana. Leo naweka kando lugha za programu na simu mpya ili nilipe deni la zamani: hadithi ya safari yangu ya Mombasa na Mama, Disemba 2024. Msiogope, kompyuta imo pia, na ndiyo iliyoniaibisha.

Nianze na aibu hiyo. Nilikuwa na miaka 28, digrii ya sayansi ya kompyuta ukutani, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiandika mfumo wa kuuzia vyumba vya hoteli za Pwani. Mteja simtaji jina. Nilijua hoteli ipi ina vyumba vingapi, vipi vinatazama bahari na vipi vinatazama maegesho ya magari, na mtoto wa miaka mingapi analala bure. Yote yalikuwa kwenye hifadhidata yangu. Bahari yenyewe nilikuwa sijawahi kuiona kwa macho.

Mama pia hakuwa ameiona. Babu, baba yake, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini Kilindini miaka ya sitini, akituma barua na pesa nyumbani Kakamega. Alirudi na redio na hadithi nyingi, lakini hakuna mtoto wake hata mmoja aliyewahi kumfuata huko. Mwaka huo goti la kulia la Mama lilikuwa limeharibika, na upasuaji ulipangwa Januari 2025. Siku moja kwenye simu akaniambia, kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi, "Ningeiona hiyo bahari kwanza, kabla hawajanikata goti."

Nikaahidi. Kisha nikaangalia pesa. Baada ya kulipa amana ya hospitali nilibaki na shilingi 20,000 za kutumia, maana mteja wangu alikuwa hajamaliza kunilipa. Watu wawili, siku tatu usiku na mchana, wiki moja kabla ya Krismasi. Anayeijua Mombasa ya Disemba anajua kwamba hiyo si bajeti, ni dua.

Nikafanya ninachokijua. Kila usiku nilifungua kipakatalishi na kutafuta chumba cha watu wawili kwenye mfumo wetu wenyewe, tarehe 16 hadi 19 Disemba. Hoteli niliyoipenda ilikuwa Bamburi, ufuoni kabisa. Usiku wa kwanza bei ilikuwa 14,500. Usiku wa tatu ikawa 16,000. Baada ya wiki, 19,500. Nikadhani watu wanamaliza vyumba. Nikaingia ndani ya mfumo kutazama, nikakuta hakuna chumba hata kimoja kilichouzwa kwa tarehe hizo tangu nianze kutafuta.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Siku hizi bei nyingi za vyumba na za ndege hazipangwi na mtu aliyekaa na kalamu. Programu hutazama vyumba vingapi vimebaki, siku ngapi zimebaki, ni msimu gani, na watu wanatafuta tarehe zipi. Dalili zikionyesha kwamba chumba kinatakiwa sana, bei inapanda yenyewe. Kwenye mfumo wetu kulikuwa na kipengele kilichohesabu kila utafutaji kuwa ni dalili ya mteja. Hakikuuliza kama hao ni watu ishirini au ni mtu mmoja mwenye wasiwasi aliyebonyeza mara ishirini. Kipengele hicho nilikiandika mimi, Ijumaa moja jioni, nikiwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Kwa hiyo nilikuwa nikijipandishia bei. Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliwafikiria watu wengine wenye mfuko kama wangu, wanaorudi kila usiku kuangalia kama bei imeshuka. Mwenye pesa hutafuta mara moja, akalipa, akalala. Anayerudi rudi ni yule asiye nazo.

Basi nikaiacha hoteli, nikanunua tiketi za treni. Nauli ya daraja la kawaida la Madaraka Express ilikuwa imepanda hadi shilingi 1,500 tangu Januari mwaka huo. Watu wawili, kwenda na kurudi, 6,000. Jumatatu asubuhi tukapanda Syokimau treni inayosimama vituo vya njiani, na Mama akakaa dirishani hadi Voi akiwahesabu ndovu wa Tsavo. Aliona sita. Mimi niliona mmoja, kwa sababu nilikuwa kwenye simu nikitafuta pa kulala.

Viti vya daraja hilo hutazamana. Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Mombasa, kavaa buibui, na kikapu miguuni. Tulipofika Mtito Andei yeye na Mama walikuwa wameshaelezana habari za magoti yao yote manne.

"Mwalala wapi?" akauliza.

Nikamwambia bado natafuta kwenye simu.

"Mwanangu, hizo za kwenye simu ni za wageni. Hebu ngoja."

Akaomba simu ya Mama, ile kabambe ya vitufe, akabonyeza namba kutoka kichwani. Dakika tatu baadaye tulikuwa na chumba Mji wa Kale: vitanda viwili, vyandarua, feni, chini kabisa kwa sababu ya goti, shilingi 1,800 kwa usiku. Nimekitafuta chumba hicho mtandaoni mara nyingi tangu siku hiyo. Hakimo popote.

Chakula nacho kilikuja kwa njia hiyohiyo, kwa kuuliza. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi kwa mama aliyeweka meza nje ya mlango wake, hatua thelathini kutoka kwetu. Mchana tulikula wali wa nazi na samaki kwenye hoteli, nami nasema hoteli kwa maana yetu ya Kenya, pa kulia. Jioni tulishuka Mama Ngina, ile bustani ya ufuoni iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Hatukulipa kiingilio. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu mawili, tukakaa kwenye ukuta kutazama meli zikiingia Kilindini. Zinapita karibu sana, unaona hadi watu walioegemea vyuma.

"Babu yako alikuwa akipakua hizo?" Mama akauliza.

Nikamwambia za wakati wake hazikuwa na makontena haya. Mizigo mingi ilikuwa magunia, na magunia yalibebwa mgongoni.

Akanyamaza kidogo. "Ndiyo maana hakutuleta," akasema. "Hakutaka tumwone."

Sikuwa na la kujibu.

Siku ya pili, Jumanne, ndiyo ilikuwa ya bahari. Hapa nitoe ushauri ambao hamtaupata kwenye mifumo kama yangu: kabla ya kuuliza bei ya chochote Mombasa, uliza maji yanapwa saa ngapi. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 15, kwa hiyo zilikuwa siku za bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana. Mwenye gesti alituambia tufike ufuoni kabla ya saa tano asubuhi. Tukapanda matatu hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao watu wengi wanauita Pirates, na tukakuta bahari imerudi mbali, imeacha mchanga mpana uliolowa na kushikana kama sakafu. Goti la Mama liliupenda mchanga huo kuliko ule mkavu unaozamisha mguu.

Alivua viatu. Alitembea hadi maji yakafika vifundoni, akainama, akachovya kidole, akaonja. "Kumbe ni kweli," akasema. Nilidhani angelia au angeomba dua. Alicheka tu, kisha akataka twende mbele.

Tukafuata ufuo kuelekea kaskazini, polepole, na baada ya muda nikaanza kuona hoteli nilizozijua. Nilizijua kwa picha na kwa namba zake kwenye jedwali. Ile ya 19,500 ilikuwa na paa la makuti na viti vyeupe vimepangwa mstari. Mlinzi akashuka ngazi kutujia.

"Samahani, mama. Hapa ni pa wageni."

"Mimi nimetoka Kakamega, mwanangu," Mama akamjibu. "Kama mimi si mgeni, mgeni ni nani?"

Mimi nilikuwa tayari na Katiba ya 2010 mdomoni. Ibara ya 62 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, na nilitaka kumsomea. Haikuhitajika. Mlinzi alikuwa ameshatabasamu. "Mulembe, mama," akasema. Kumbe ni wa Vihiga. Akatuonyesha mstari wa mwani mkavu juu kidogo ya tuliposimama. "Juu ya huo mstari ni viti vya watu, nikiwaacha mkae nitafukuzwa kazi. Chini yake ni penu. Tembeeni mpaka mchoke."

Mama akageuka kuitazama hoteli. "Hii ndiyo uliyokuwa ukiiandika?"

"Naandika bei tu, Mama."

"Na huku chini ni bei gani?"

"Bure."

"Basi hilo ungeliandika pia."

Siku ya tatu tulikwenda Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ambapo raia analipa kidogo sana kuliko mgeni kutoka ng'ambo. Ngazi zilimshinda Mama, akabaki kivulini akiongea na muuza kahawa. Mchana nikampeleka kwenye feri ya Likoni, kwa kuwa mtu wa miguu halipi kitu. Alisita. Alikumbuka Aprili 1994, feri ilipozama Mtongwe na watu zaidi ya 270 wakafa. Kijijini kwetu redio haikuzimwa siku hiyo. Nikamwambia si lazima. Akasimama akiwatazama watu wakiteremka na mikokoteni na baiskeli zao, kisha akanishika mkono na kusema, "Hawa wanavuka kila siku." Tukavuka. Katikati ya maji unaiona bandari upande mmoja, na Mama hakuondoa macho huko hadi tukafika Likoni. Tukarudi na feri iliyofuata.

Sasa hesabu, kwa wale wanaotaka kujaribu. Ni bei tulizolipa sisi, Disemba 2024:

- Treni, watu wawili, kwenda na kurudi: 6,000
- Chumba, usiku tatu: 5,400
- Matatu kutoka stesheni ya Miritini hadi mjini, na kurudi: 600
- Matatu na tuktuk za mjini: 1,000
- Chakula na madafu: 3,400
- Viingilio, na mabuyu na achari za kupeleka Kakamega: 1,500

Jumla ni 17,900. Yaani safari nzima ilikuwa chini ya usiku mmoja kwenye kile chumba nilichojipandishia bei. Nilirudi na 2,100, nikamnunulia Mama viatu vyepesi vya kuvaa hospitalini.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku hizi Mama anatembea hadi sokoni bila fimbo, na akikutana na mtu yeyote aliyekuja kutoka mjini humwuliza kama ameshaonja bahari.

Mimi nilimwandikia mteja wangu nikimweleza kuhusu kile kipengele. Nikapendekeza kiondolewe, au angalau kisimhesabu mtu mmoja mara ishirini. Nilisema pia kwamba kwenye ukurasa wa kila hoteli tuweke mstari mmoja: ufuo wa umma ulio karibu ni upi, na unafikaje kwa matatu. Jibu lilikuwa la adabu. Alisema mstari huo utawafanya watu wasinunue chumba. Kuhusu kipengele, alisema kinaleta pesa, kwa hiyo kibaki. Malipo yangu ya mwisho yalikuja wiki hiyohiyo, nami sikuuongeza mkataba.

Siwezi kukifuta, msimbo si wangu tena. Lakini mstari ule naweza kuuandika hapa. Ukishuka Mombasa, panda matatu ya Bamburi, shuka Pirates, vua viatu. Uliza kwanza maji yanapwa saa ngapi. Na ukitafuta chumba mtandaoni, tafuta mara moja tu, kisha ufunge.

Hadi wakati mwingine, kwaherini.