Mtoto Akikataa Ziwa Moja

Mtoto anyonyaye hana maneno, bali ana ishara. Ni kazi yetu sisi wakubwa kuzisoma vema ishara hizo, wala tusizigeuze kuwa fitina.

Pengine mmekwisha kuona jambo hili. Mtoto wa mwaka mmoja na zaidi, ambaye amekwisha kutembea, ananyonya vizuri ziwa moja. Akipewa la pili, anageuza kichwa na kulia. Hapo watu huanza kusema. Huyu asema maziwa yameoza. Yule asema mama amechukua mimba. Mwingine anong'ona ya kuwa mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa, au mtu wa jirani amefanya uchawi. Ugomvi ukiisha kuingia nyumbani, hakuna tena anayemtazama mtoto mwenyewe.

Yalinipata mimi hapa Mwadingusha. Mtoto wangu wa tatu alikuwa na miezi 14. Siku tatu nzima alikataa ziwa la kushoto. Mama mkwe akaamuru aachishwe mara moja. Mume wangu hakusema neno, lakini alianza kuniangalia kwa namna nyingine, akala bukari yake peke yake uani. Siku ya nne alikuja mzee mmoja wa kike, jirani yetu, mama wa watoto wengi. Hakuuliza habari za mimba wala za ndoa. Aliuliza hivi:

«Mwanangu, akinyonya ziwa la kushoto, analalia sikio gani?»

«La kuume, nkambo.»

«Basi usimgeuze. Mpakate kama anyonyavyo la kuume, kisha msogeze tu mpaka ziwa la kushoto, miguu yake ipite chini ya kwapa lako.»

Nikafanya hivyo. Mtoto akanyonya ziwa lile lile alilolikataa siku tatu! Maziwa hayakuwa na kosa lo lote. Kesho yake usaha ukatoka katika sikio la kuume. Tulimpeleka dispensari, akapewa dawa, na sikio lilipopona akanyonya pande zote mbili kama zamani. Mume wangu akarudi kula pamoja nasi.

Jaribio hilo ni rahisi, na kila mama aweza kulifanya. Mtoto akikubali ziwa kwa kupakatwa namna nyingine, basi shida iko kwa mtoto. Tazama masikio, tazama meno yanayoota, tazama pua iliyoziba, tazama paja au mkono uliochomwa sindano ya chanjo.

Akikataa kwa kila namna, tazama ziwa lenyewe. Je, lina joto, limevimba, linauma? Ziwa likiwaka hivyo, maziwa yake huwa na chumvi, na mtoto huitambua upesi. Chumvi hiyo si sumu. Mama aendelee kunyonyesha au kukamua taratibu, aweke kitambaa chenye maji baridi kupunguza maumivu. Akiwa na homa aende kwa mganga bila kukawia. Pengine ziwa moja lina maziwa machache kuliko lingine, au hutoka polepole, na mtoto mwenye haraka hulidharau.

Na ile habari ya mimba? Ni kweli, mimba hupunguza maziwa na kubadili ladha yake. Lakini mimba haichagui upande! Hubadili maziwa yote mawili. Hivyo mtoto anayekataa ziwa moja tu na kulifurahia la pili hamshitaki mama yake kwa mimba, wala hamshitaki baba yake kwa lo lote.

Kiswahili chetu kina neno moja, ziwa, kwa maji na kwa mama. Sisi wa hapa twalijua ziwa Tshangalele, lililofanywa na ukuta wa bwawa juu ya mto Lufira, ambapo mitambo ya umeme ilianza kazi mwaka 1930. Maji yakizuiwa pale, ziwa hujaa. Ziwa la mama si hivyo. Lisipochotwa hupunguza kazi yake, na kila ziwa huhesabu peke yake. Kwa hiyo mama anayetaka mtoto alirudie ziwa alilolikataa, alikamue kila siku, akampe mtoto maziwa hayo kwa kikombe. Ampe ziwa hilo kwanza mtoto akiwa na usingizi, bila kumlazimisha.

Asiporudi, msihuzunike. Ziwa moja laweza kumtosha, hasa mtoto huyu mkubwa ambaye hula pia uji, bukari, sombe na samaki wa ziwa letu. Mwenye shaka aulize mizani. Kambi za Katanga zimezoea kupima watoto tangu enzi ya Union Minière. Uzito ukipanda, maneno ya majirani yaanguke. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kunyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi, na mama wa wale ndugu 7, katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, alimnyonyesha mwanawe miaka 3.

Limebaki neno moja, nalo ni zito. Mara chache sana, mtoto hukataa ziwa kwa sababu ya uvimbe mbaya uliomo ndani. Mwaka 1974 daktari Goldsmith wa Marekani aliandika habari za ishara hiyo ya saratani. Siandiki haya ili mwogope, maana sababu nyingine ndizo za kawaida. Lakini mama akiona mtoto ameacha ziwa moja bila sababu, na mkono wake ukagusa kitu kigumu kisichoondoka hata baada ya kukamua, au ngozi imevutwa ndani, au chuchu inatoa damu, asingoje. Aende hospitali, na mumewe amsindikize.

Enyi akina baba, hapo ndipo kazi yenu. Mtoto akikataa ziwa, msiulize kwanza, «Nani amekosa?» Ulizeni, «Nani anaumwa?» Swali la kwanza laweza kuvunja nyumba. La pili laweza kuponya mtoto, na pengine kumponya mama yake.