Debe la Mama

Nyumbani kwetu, kijijini nje kidogo ya Njombe, palikuwa na debe moja tu. Mama alilitumia kuuzia mahindi, na ndilo hilohilo alilopokelea mahindi aliyonunua kwa majirani. Nalitaja kwa sababu wafanyabiashara wengi wa wakati ule walikuwa na vipimo viwili: debe la kuuzia limebonyezwa kitako mpaka kikaingia ndani, na la kununulia ni ndoo ya plastiki iliyopashwa moto ikatanuka. Ukiviona kimojakimoja huwezi kuvitofautisha.

Baba alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu wa KKKT. Jioni, baada ya kula, alitusomea Biblia ya Union Version, ile tafsiri ya mwaka 1952, na sura aliyoirudia sana ni Kumbukumbu la Torati 25, pale Mungu anapowakataza watu wake kuweka nyumbani vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Akimaliza alifunga kitabu, tukaomba, tukalala. Hakuongeza mahubiri.

Mahubiri tuliyaona siku ya gulio. Mama alijaza kisado cha maharage, akakisawazisha kwa kijiti mbele ya macho ya mnunuzi, kisha akachota kiganja kizima na kuongeza juu. "Hapo kwenye kijiti ni haki yake, mwanangu," aliniambia. "Hiki cha mkono ni shukrani yangu."

Nilipoolewa, mimi na mume wangu tukaanza kununua viazi mviringo kwa wakulima na kuvipeleka Dar es Salaam. Hapo fundisho lile likanigeukia kwa upande wa pili, kwa kuwa sasa mimi ndiye niliyekuwa mnunuzi, na katika biashara ya viazi mwenye nguvu ni mnunuzi. Mkulima anauza kwa gunia. Gunia likijaa, linashonewa wavu au kipande cha gunia jingine juu, viazi vinaendelea kupangwa mpaka linavimba. Hiyo ndiyo lumbesa. Gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100 linaweza kufika 150, na mkulima analipwa gunia moja. Wapakiaji nao wanalipwa kwa gunia moja, na mgongo unaobeba ni uleule.

Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukikamata magari barabarani. Lakini lumbesa haitokani na ujinga wa sheria. Bei ni ya gunia, ushuru ni wa gunia, na mara nyingi nauli ya lori pia ni ya gunia. Kila kiazi kinachosukumiwa juu ni faida ya mtu fulani, naye ni yuleyule tunayeketi naye kwenye jumuiya Jumamosi asubuhi. Hilo ndilo linaloniuma. Tunakemea pombe na uzinzi kwa sauti kubwa, lakini gunia la lumbesa linapita mbele ya mlango wa kanisa na hakuna anayelisemea neno.

Sisi tulinunua mizani, tukaanza kulipa kwa kilo. Mama, akiwa mzee tayari, alikuja ghalani kuiona. Hakuuliza bei yake. Aliomba pakiti ya sukari ya kilo moja, akaiweka juu, akainama kusoma namba, akaitoa, akairudisha tena. Aliporidhika ndipo akaketi.

Kijana wangu, ambaye ndiye anayesimamia ghala siku hizi, alimwuliza, "Bibi, na kile kiganja chako kitakaa wapi hapa?" Mama akamjibu kwamba namba nazo zina pembeni. Kwa hiyo mzigo wa mkulima ukisoma kilo 87 na nusu, tunamlipa 88. Tukiwauzia wenye hoteli, kilo zao tunazipima sawasawa, kisha tunawaongezea viazi viwili vitatu.

Faida ilipungua, hasa msimu wa kwanza. Madalali wa Dar es Salaam walilalamika kwamba magunia yetu ni madogo, na baadhi yao wametuhama. Waliobaki tumekubaliana nao bei ya kilo, na wawili kati yao wameanza kudai hivyohivyo kwa wauzaji wengine kutoka Makambako.