Kaneno kadogo "na"



Mimi nilizaliwa Kiriri, Bujumbura, kule mlimani penye kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Hatukuwa matajiri. Mama alifua nguo kwenye nyumba za wenye nazo, sisi tukilala chumba cha uani. Toka pale unaliona ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo. Mwaka 2015 tulikimbia, tukavuka hadi Kigoma.

Nilipoanza Kiingereza, vihusishi vilinitoa jasho. Sisi tunasema mlimani, chumbani, mlangoni, "ni" ileile. Mwingereza anachagua: "on the hill", "in the room", "at the door". Ukikosea hapo watu wanakuelewa tu. Lakini kuna kosa lingine lisilosamehe, na mimi nililifanya.

Mama mmoja jirani aliniomba nimwandikie maelezo yake kwa Kiingereza. Akasema, "Tulifukuzwa na majirani." Nikaandika haraka haraka: "We were chased away with our neighbours."

Siku ya mahojiano akaulizwa, hao majirani mliofukuzwa pamoja wako wapi sasa? Akajibu, wamebaki kule, wanalima shamba letu. Basi ikaonekana maneno yake yanapingana na karatasi. Alirudi kwangu, hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwalimu, uliandika nini?"

Niliona aibu sana. Kumbe nilikuwa nimewageuza waliomfukuza kuwa wenzake wa safari! Tuliandika upya: "by our neighbours". Karatasi ilipokelewa, ila alipanga foleni tena kutwa nzima kwa ajili ya neno moja.

Shida ni kwamba "na" yetu ina kazi nyingi, na Kirundi ni hivyohivyo. Tazameni:

"Baba na mama" ni "and".
"Nilikuja na dada" ni "with", tulikuwa pamoja.
"Nilisaidiwa na dada" ni "by", yeye ndiye aliyetenda.

Dalili ni hii: kitenzi kikiishia na -wa, kama fukuzwa, pigwa, saidiwa, jiulize kwanza nani alitenda. Huyo mpe "by". Kifaa ndicho kinachukua "with": alipigwa na jirani kwa fimbo, "by a neighbour with a stick". Waliosoma Kifaransa wakumbuke "par" na "avec", itawasaidia.

Wazazi, jioni mkiota moto, mpeni mtoto sentensi mbili tatu za namna hii. Na mtu akikuandikia karatasi, usiweke sahihi kwanza. Mwambie akusomee kwa lugha yako, neno kwa neno. Hata akiwa mwalimu. Hata akiwa mimi.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.