Ndege za Karatasi

Hapa Matema, chini ya milima ya Livingstone, wadogo zangu wawili walibishana juu ya ndege za karatasi. Mmoja aliisifu ile nyembamba. Mwenziwe aliisifu yenye mabawa mapana. Maneno matupu hayamalizi ubishi, basi nikawaambia, “Tupime.”

Tulichukua karatasi za ukubwa mmoja. Tulirusha alfajiri, kwa maana mchana upepo wa ziwani huweza kusaidia moja na kuzuia nyingine. Nilirusha mimi peke yangu, mahali pamoja, kila ndege mara kumi, nao wakahesabu hatua. Nyembamba ilishinda, kwani pana iliinua pua, ikasimama hewani, ikaanguka.

Kisha tulibandika puani pa ile pana kitonge cha udongo, kama ule Wakisi wa Ikombe waufinyangao vyungu. Mabawa hatukuyagusa. Sasa ilikwenda sawasawa, ikaipita nyembamba. Hapo hakuna aliyemcheka mwenziwe.

Wilbur na Orville Wright wa Marekani walipima vivyo hivyo. Mwaka 1901 walijaribu maumbo ya mabawa karibu 200 katika kasha la upepo. Mwaka 1903 wakaruka kwa ndege yenye injini.

Nawe, msomaji, badili jambo moja tu kila mara, kisha pima.