Mkate Uliokataa Kuumuka



Juma hili tumeishi ndani ya ukungu. Kwa asiyeijua Mtae, kijiji chetu kimeketi ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara, na siku ya anga safi mtu huitazama nyika ya Mkomazi huko chini mithili ya bahari iliyokauka. Kipupwe kikiingia, nyika hufutika, jirani hufutika, na sauti ya mpita njia huja pasipo mwili. Siku za namna hiyo tumezoea kwenda kuketi katika nyumba ya tanuri, anapooka mikate mama mmoja jirani yetu, kwa sababu mbili tusizoona haya kuzitaja: joto, na mkate wa kwanza.

Huko ndiko tulikokirudia, kwa mara ya nne au ya tano, kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 na kuchapwa mwaka 1960. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu, na kila mmoja ana jibu tayari. Bwana Msa peke yake, kiko mdomoni na Najum ubavuni, ndiye anayeuliza maswali madogo madogo. Hatutasema zaidi, maana kumfunulia mtu mwisho wa hadithi kama hiyo ni dhambi ndogo. Utamu wake ni huu: unaogopa huku ukijua kwamba hutaachwa gizani. Arthur Conan Doyle, ambaye Sherlock Holmes wake ndiye jamaa wa mbali wa Bwana Msa, aliziamini roho za wafu kwa dhati katika maisha yake, lakini mpelelezi wake hakumruhusu aziamini. Abdulla naye, kabla ya kuhariri gazeti la Zanzibari, alikuwa mkaguzi wa afya. Twadhani kazi hiyo ilimfunza kutazama ndani ya mtungi kabla ya kumtazama mchawi.

Basi tulikuwa katikati ya kitabu mikate ilipokataa kuumuka. Siku ya kwanza mama alicheka. Siku ya pili aliilaumu hamira, akafungua kopo jipya. Siku ya tatu wanunuzi walirudi mikono mitupu, na mmoja wao akanong'ona kwamba Jumatatu bibi mmoja, jirani wa upande wa chini, alikuja kuomba makaa ya moto. Mwingine akakumbuka macho ya bibi huyo, jinsi yalivyo mekundu. Sisi tulisikia. Tukafungua ukurasa uliofuata.

Hatuna budi kukiri jambo hilo kwa sababu tunajua, na nyote mnajua, yaliyowapata akina mama wazee kule Shinyanga na Mwanza, waliokatwa mapanga kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Na sisi wa Usambara twapaswa kujua zaidi. Mbegha mwenyewe, baba wa Wakilindi waliotawala Vugha, husimuliwa kwamba alihesabiwa kigego huko kwao Nguu kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota. Aliyekimbizwa kwa mkosi alipokewa hapa, akatawala.

Usiku ule kitabu hakikusomeka. Asubuhi tulimwuliza mama, kwa aibu kidogo, maswali ya Bwana Msa. Maji yanatoka wapi? Unga ni wa gunia lile lile? Beseni la unga uliokandwa huwekwa wapi usiku kucha? Akanyamaza, kisha akatazama benchi lililo ubavuni mwa tanuri, tulipokuwa tumeketi. Beseni lilikuwa likikaa hapo siku zote. Tangu tulipoanza kuja na kitabu chetu na blanketi letu, yeye kwa heshima alilihamishia stoo, penye dirisha lisilofungika, na baridi ya Mtae haina huruma kwa hamira. Abdulla ana kitabu kiitwacho Kosa la Bwana Msa, cha mwaka 1984. Letu lilikuwa hilo.

Beseni likarudi benchini, sisi tukahamia kwenye kigoda karibu na mlango. Kesho yake mikate iliumuka hata ikafurika vyombo. Mama alikwenda mwenyewe kwa wale wawili walionong'ona, akawaeleza habari ya benchi, nao wakacheka sana, zaidi ya ilivyostahili.

Sisi tulichukua mkate mmoja wa moto, tukashuka kwa bibi. Alikuwa akipuliza moto, machozi yakimtoka kwa moshi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akaupokea mkate kwa mikono miwili, akaunusa. "Mbona juma hili watu wananipita bila salamu? Kuna msiba ambao sikuambiwa?"

Tukaketi kumweleza, na maneno yetu hayakuwa mepesi.